Seti Nzito ya Injinia

Katika hospitali ile madaktari walikuwa kadhaa, wauguzi walikuwa wengi, lakini Injinia alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja hakuwa injinia. Kazi yake ilikuwa kusafisha vyombo vya upasuaji. Jina alijipa mwenyewe siku alipokabidhiwa mashine ya mvuke, ile inayopika mikasi na visu mpaka vijidudu vyote vinaiaga dunia. Kwa kuwa alilitamka kwa sauti ya mtu asiyependa kuulizwa cheti, wenzake walichoka kubisha, wakalizoea, na mwisho hata mganga mkuu akawa anamwita hivyo.

Cheti chenyewe hakikuwapo. Shule aliiacha mapema, au tuseme shule ndiyo iliyomwacha yeye, baada ya kufungua kengele yake aone sauti inakaa wapi, kisha akashindwa kuirudishia. Siku kadhaa wanafunzi hawakujua wakati wa kuingia wala wa kutoka. Akisimulia habari hiyo, Injinia husema walimu walilia kumpoteza. Ni kweli yuko mwalimu aliyetokwa machozi, ila ni yule aliyeangukiwa na kengele kwenye kidole cha mguu.

Aliyemwokoa ni dada yake. Wazazi wao walifariki mapema, na dada mkubwa, ambaye ni fundi cherehani, akawa baba, mama na polisi wa nyumba kwa mpigo. Mchana Dada Fundi alishona magauni ya watu, jioni akashona kaptura za mdogo wake zilizochanika makalioni kwa kupanda kuta ambazo hakuna aliyemtuma apande. Habari ya kengele ilipomfikia alifunga duka, akamshika kijana sikio, akaenda naye moja kwa moja hospitali kwa muuguzi mkuu wa wakati ule, mteja wake wa magauni, akaomba kijana apewe ufagio.

"Mpe kitu cha kushika," alisema, "kabla hajafungua kitu kingine."

Basi Injinia akaanza na ufagio, akapanda cheo akafika kwenye sinki, na baada ya miaka mingi ya kusugua akafika kwenye mashine. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, chenye joto la jikoni na harufu ya sabuni na ya kitambaa kilichotoka kupigwa pasi. Upande mmoja palikuwa na sinki na brashi, katikati meza ndefu ya chuma, na upande wa pili ilikaa mashine yenyewe, kubwa kama kabati la nguo, na mlango wa mviringo wenye gurudumu la kukazia ambalo mtu mwingine akiligusa Injinia hukohoa mpaka mtu huyo aondoe mkono.

Ukutani palikuwa na kidirisha, na ng'ambo ya kidirisha ndiko kwenye chumba cha upasuaji, thieta kama walivyoiita wote. Mlangoni kwake palichorwa mstari mwekundu sakafuni, na asiyekuwa na kazi ya kupasua hakuruhusiwa kuuvuka. Injinia hakuwahi kuuvuka. Madaktari wa upasuaji aliwajua kwa mikono yao tu, ile iliyoingia kidirishani kuchukua trei. Vyuma vyake vilikwenda vikiwa safi vikarudi vichafu, na huko vilikokwenda vilifanya nini, hilo alilijazia mwenyewe kichwani. Na kichwa kile hakikuwa kivivu. Mtaani kwake ilijulikana kwamba hakuna tumbo linalofunguliwa hospitali ile mpaka Injinia aridhie, na kwamba mara mbili tatu daktari amekwama katikati ya kazi akapiga hodi kidirishani kuomba ushauri. Hodi ilipigwa kweli. Aliyepiga alikuwa anaomba taulo.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa uzito wa seti zake. Kila upasuaji una seti yake: trei ya vyuma iliyopangwa, ikafungwa kwa vitambaa, ikabandikwa utepe unaobadilika rangi ikishaiva. Seti za tumbo alizofunga Injinia zilitaka mtu mwenye mgongo mzima. Alikuwa akisema kwamba seti inayobebwa kwa mkono mmoja ni ya kukatia kucha.

Uzito huo ulikuwa na baba yake. Zamani alikuwapo daktari mmoja wa upasuaji ambaye wafanyakazi walimpachika jina la Ngurumo. Ngurumo akinyoosha mkono kudai koleo fulani, na koleo hilo likawa halimo, kilichofuata ni vyuma kuruka na muuguzi kulia. Injinia, kwa kuwapenda wauguzi na kuziogopa ngurumo, akatunga dawa: kila kitu alichowahi kukidai Ngurumo, hata mara moja, hata kwa hasira tu, kiliingia katika kila seti ya tumbo, na kikishaingia hakitoki. Yakaingia makoleo marefu na mafupi, yakaingia ya kupinda, vikaingia vyuma vya kupanulia vya kila kimo. Kisha Ngurumo akastaafu, akaenda kufuga kuku. Miaka ikapita. Kuku wakataga, wakaangua, na wajukuu wa kuku wale nao wakataga, na Injinia bado alikuwa anamfungashia Ngurumo.

Mambo yalikuwa hivyo alipokuja mkuu mpya wa wauguzi wa thieta. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa umri wa kuweza kuwa binti wa Injinia, na ndani ya wiki yake ya kwanza akapewa jina la Sista Kwanini, kwa sababu alikuwa akiliuliza neno hilo kuanzia asubuhi mpaka saa ya kwenda nyumbani. Alikuwa amesomea mahali namna ya kufanya kazi bila upotevu. Mafundisho yake hayakuwa magumu: chochote kisichomfaa mgonjwa ni upotevu, iwe ni kusubiri, kuzunguka kutafuta kitu, kulundika vitu au kuifanya kazi mara mbili. Na usikae ofisini kuubuni upotevu huo. Nenda ukauone pale unapotokea. Injinia alimsikiliza, akauliza kwa upole mkubwa kama kucheka nako ni upotevu, kwa sababu kama ni hivyo yeye aandikiwe likizo. Wote wakacheka. Sista Kwanini naye alicheka, na hilo lilimkera Injinia kidogo, maana hakukusudia.

Msimu huohuo Dada Fundi akaanza kuumwa. Maumivu yalimshika chini ya mbavu za kulia, hasa akila vya kukaanga, na Dada Fundi na vya kukaanga ni ndugu wa damu. Picha zilionyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ikaamuliwa apasuliwe, kifuko kitolewe. Injinia akajipiga kifua, akamwambia dada yake asiwe na wasiwasi hata chembe, huko ndiko nyumbani kwake na mambo yote yako mkononi mwake.

Siku ikafika. Dada Fundi alilala njaa kama alivyoagizwa, akavalishwa gauni la hospitali, ambalo alilitazama mishono akasikitika, akangoja. Karibu na adhuhuri akaambiwa arudi nyumbani kwa kuwa vyombo havikuwa tayari. Akapangiwa siku nyingine. Akalala njaa tena, akavaa gauni lile lile, akangoja, akarudishwa tena. Safari hii maumivu yalimshika njiani na ikabidi akae kwenye ngazi ya duka la mtu mpaka yapite. Daktari alikwishawaeleza kwamba kifuko kikivimba sana kinaweza kupasuka tumboni, na hapo habari inakuwa nyingine kabisa.

Injinia alimweleza dada yake kwamba wakubwa wa hospitali hawajui kupanga kazi, na kwamba mashine imezeeka, ameomba mpya mpaka koo limekauka. Dada Fundi, amejikunja kitandani, hakujibu kitu. Hilo ndilo lililomtisha Injinia. Tangu azaliwe hakuwahi kuona dada yake akikosa la kumjibu.

Kesho yake Sista Kwanini aliwaita wote wanaohusika, wakasimama kuizunguka ile meza ndefu ya chuma, maana aliamini watu wakikaa wanasinzia. Akauliza kwa nini yule mama amerudishwa mara mbili. Daktari wa upasuaji, mtu mtulivu anayesema kidogo, akajibu kwamba seti ya tumbo haikuwapo. Kwa nini haikuwapo? Seti zenyewe ni mbili. Moja ilitumika kwa majeruhi wa ajali, na ya pili ilitoka kwenye mashine ikiwa imelowa. Hapo kila mtu alielewa, kwa sababu seti iliyolowa haitumiki; unyevu kwenye kitambaa ni njia ya vijidudu, na ni lazima ifunguliwe, ifungwe upya na kupikwa tena.

"Kwa nini inalowa?" akauliza Sista.

Injinia akadakia kwamba mashine imezeeka.

"Seti za mikono hazilowi, mzee wangu. Za macho hazilowi. Mashine ni hiyohiyo moja."

Injinia alijua jibu, tena alikuwa amelijua miaka mingi, namna mtu anavyojua jino lake bovu na bado akatafunia upande wa pili. Chuma kikizidi kwenye trei, mvuke unageuka maji na maji hayapati pa kwenda. Seti zilikuwa zinalowa kwa sababu zilikuwa nzito. Na zilikuwa nzito kwa sababu yake.

"Zimejaa," alisema mwishowe. "Lakini zimejaa kwa faida. Nyinyi hamkumwona Ngurumo."

Sista Kwanini hakumkaba mbele za watu. Wenzake walipotawanyika alibaki, akamwomba kwa heshima kwamba asubuhi inayofuata avuke ule mstari mwekundu, aje asimame thieta aone vyuma vyake vikifanya kazi. Injinia akajibu kwamba hana haja, anavijua kuliko watoto wake. Usiku akapiga mahesabu ya suruali gani avae.

Suruali haikuhitajika. Walimvalisha nguo za kijani, kofia ya kitambaa, barakoa, na viatu vya mpira alivyovaa cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, akasimamishwa pembeni na kuonywa asiguse kitu. Mgonjwa alikuwa mzee mmoja mwenye ngiri. Muuguzi akafungua seti, na vyuma vyote vikapangwa juu ya kitambaa chini ya taa, vikang'aa kuliko alivyowahi kuviona chumbani kwake. Injinia akavimba. Alitamani kila mkazi wa mtaani kwake awe pale.

Kisha kazi ikaanza. Daktari akaomba kisu, akaomba koleo dogo, mkasi, koleo lingine, akarudia yaleyale. Injinia akasubiri. Yale makoleo marefu ya kupinda, aliyoyasugua meno kwa brashi ya mswaki moja baada ya jingine, yalilala. Vyuma vya kupanulia vya kila kimo vililala, isipokuwa viwili. Muuguzi, akitafuta koleo dogo katikati ya msitu ule, ikabidi asogeze huku na kule kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye begi la safari, na daktari akangoja na mkono wazi. Tumbo likafungwa. Zaidi ya nusu ya vyuma havikuguswa. Vikakusanywa vyote, vilivyofanya kazi na vilivyolala, vikatupwa kwenye beseni moja vichafuke pamoja, vikasukumwa kidirishani.

Alirudi chumbani kwake, akafungulia maji. Mkononi alishika koleo refu la kupinda, la Ngurumo hasa, akaanza kulisugua kama kawaida, halafu akasimamisha brashi. Alikuwa ameliosha koleo hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Linakwenda, linalala, linarudi, anaosha. Alikaa kwenye kiti, jambo ambalo halikuwahi kuonekana saa za kazi.

Jioni alimpitia dada yake, akaleta mashtaka: eti kale kabinti kanataka avifukuze vyuma vyake. Alitarajia kutetewa. Dada Fundi alimsikiliza huku ameshikilia ubavu, akamuuliza kama yeye akikata gauni humwona ameweka mezani mikasi yote anayoimiliki, pamoja na ile ya kukatia zipu za makoti. Injinia akasema gauni si tumbo.

"Tumbo ni langu," akajibu dada yake. "Mpe huyo binti anachotaka."

Basi wakavimwaga vyuma vyote mezani. Daktari akachagua anavyovitumia, wauguzi wakaongeza vyao viwili vitatu, na Injinia akapigania koleo la Ngurumo kama mtu anayepigania shamba. Wakakubaliana kwamba makubwa ya aina hiyo yafungwe kila moja kwenye pakiti yake, yakae kwenye kabati la thieta. Siku likihitajika linafunguliwa moja. Vilivyobaki vikawa seti nyepesi. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipigia hesabu, hata Sista mwenyewe: kutokana na vyuma vilivyokuwa vinasafiri bure, zikapatikana seti mbili nyingine kamili. Hospitali iliyokuwa ikilia kwa miaka kwamba haina vyombo ilikuwa navyo muda wote, imevificha ndani ya trei zake yenyewe. Injinia alizifunga seti hizo mpya kwa uso wa mtu aliyeombwa kushona nguo za mkwe asiyempenda, akazipitisha kidirishani. Ya kwanza ikaanza kutumika. Ya pili Sista akaiweka kwenye kabati upande wa thieta, ikae ikisubiri. Injinia aliisahau mara hiyohiyo. Katika maisha yake seti haikuwahi kukaa ikisubiri mtu; watu ndio waliozisubiri.

Dada Fundi akapangiwa siku ya tatu, awe wa kwanza asubuhi.

Sasa msimcheke. Mchana wa siku iliyotangulia, wenzake walipokwenda kula, Injinia alisimama mbele ya seti aliyoitenga kwa ajili ya dada yake. Ilikuwa imeshaiva, kavu, nyepesi, nzuri. Akainyanyua kwa mkono mmoja. Na uwepesi ule ukamchoma. Mtu aliyemlea, aliyemshonea, aliyempigania, aende kufunguliwa tumbo kwa kijisanduku kinachobebeka kama mkoba wa sokoni? Na ikitokea shida humo ndani? Na daktari yule mpole akinyoosha mkono akakosa? Aliwaza hivyo, macho yakamlowa, na mikono ikaanza kazi bila kumwomba ruhusa. Akafungua vitambaa. Akatia makoleo marefu. Akatia vya kupanulia, vya kila kimo. Alipofika kwenye la Ngurumo akatia mawili. Akafunga upya, akaiingiza kwenye mashine na mzigo wa mwisho, akakaza gurudumu, akaenda nyumbani na moyo mweupe kabisa.

Asubuhi alifungua mlango wa mashine, akaweka kiganja juu ya kitambaa cha seti ile. Kiganja kikarudi na maji.

Alikigusa mara ya pili, upande mwingine. Maji. Rafu yake ilikuwa haina seti nyingine ya tumbo. Alfajiri waliletwa majeruhi na seti mbili zilikuwa bado kwenye beseni na damu. Kupitia kidirisha aliisikia tayari sauti ya magurudumu, na sauti ya dada yake ikimwambia msukuma kitanda kwamba gurudumu la nyuma linalia kwa kukosa mafuta.

Hapo shetani akamkalia begani, akazungumza naye kistaarabu. Utepe ulikuwa umebadilika rangi, akamkumbusha. Chumba kina feni. Seti ikipigwa upepo kidogo kitambaa kitakauka, na hakuna atakayejua. Akirudishwa mara ya tatu kifuko kinaweza kupasuka. Injinia aliwasha feni, akaishika seti, akaielekeza huko, akasimama hivyo. Vitu vyote alivyowahi kudanganya katika maisha yake, na havikuwa vichache, vilikuwa vya kumpamba yeye. Hiki kilikuwa cha kuingia tumboni mwa dada yake. Akazima feni, akaiweka seti chini mezani, akaifungua mwenyewe ili asije akabadili nia, akatoka kwenda kwenye mstari mwekundu.

Kitanda cha Dada Fundi kilikuwa pale pale mlangoni. Sista Kwanini alikuwa ameinama akimfunga kofia. Injinia alitaka kumwita pembeni, lakini kitanda kilikuwa kinakaribia kuvuka, ikabidi aseme palepale, mbele ya mgonjwa.

"Seti imelowa," alisema. "Niliijaza tena. Ni mimi, si mashine."

Dada Fundi aligeuza kichwa kwenye mto, akamtazama mdogo wake. Sista alinyooka polepole, na Injinia akajiandaa kwa yote yatakayokuja, hata kufukuzwa, ili mradi waanze kupanga siku ya nne.

"Asante kwa kusema," akasema Sista. "Nyingine si ipo kabatini?"

Injinia hakuelewa. Ikabidi Sista amweleze mara mbili kwamba ile seti aliyoifunga wiki iliyopita, iliyotokana na vyuma vya ziada, ilikuwa bado imekaa upande wa thieta, kavu, haijafunguliwa. Kisha muuguzi wa ndani akaileta mlangoni, na Injinia akaiona kwa macho yake, na mwandiko wake mbaya juu ya utepe. Kitanda kikavuka mstari. Dada Fundi alikwenda amelala chali, mkono nje ya shuka, na alipompita mdogo wake akaufinya mkono wake, kwa nguvu kuliko mgonjwa anavyotakiwa.

Injinia alirudi chumbani, kufanya nini hakujua, akaosha vya majeruhi. Kila beseni likigonga kidirishani alishtuka. Baadaye sana ikaja trei ya dada yake. Alivaa glavu mpya, akaimimina kwenye maji taratibu. Alivitazama vyuma kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa na damu. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimelala. Vyote vilikuwa vimemshughulikia dada yake. Injinia, mtu wa maneno mengi, alivisugua na kuviambia asante, koleo kwa koleo, mkasi kwa mkasi, na alipokuta chuma kidogo cha kupanulia ambacho alikipinga siku ile mezani, akakiomba radhi.

Sista Kwanini aliingiza kichwa kidirishani kumwambia kwamba upasuaji umekwenda vizuri, mawe yenyewe yapo kwenye kichupa kama anataka kuyaona. Injinia alikuwa ametunga hotuba. Kilichotoka ni kwamba yeye ni mtu mzima, na kwamba mtu mzima anapofundishwa anauma midomo, na kwamba Mungu ampe Sista maisha marefu na maswali mengi. Kisha akageukia sinki, maana mvuke ulikuwa umemwingia machoni. Mashine ilikuwa imezimwa.

Siku ya pili, saa ya kutazama wagonjwa, alimkuta Dada Fundi ameegemea mito, ameshafunua bandeji kidogo pembeni kukagua mshono. Alisema daktari yule ana mkono mzuri, mishono imelingana, ila mwishoni hakufunga fundo kama inavyotakiwa. Akipona atamwita dukani amwonyeshe. Injinia akamsihi asimwambie mtu.

"Nambie basi," akasema dada yake, "nimshukuru nani? Na usianze na wewe."

Injinia akamtajia Sista, akaeleza habari ya seti ile ya kabatini tangu mwanzo. Akamtaja daktari, akamtaja wa dawa ya usingizi, muuguzi aliyeshika vyuma, na msukuma kitanda, ambaye gurudumu ameshalitia mafuta. Akataja mpaka mfagizi wa thieta. Akaona amemaliza.

Dada Fundi akanyoosha mkono, akamgusa kwenye paji la uso.

"Huna homa?"

"Sina."

"Umewataja watu wote hao na hujajitia hata katikati."

"Mimi nilikurudisha nyumbani mara mbili, Dada. Na jana ilibaki kidogo iwe ya tatu."

Alisema hivyo akitazama shuka. Dada yake hakuondoa mkono. Alimwambia kwamba yote aliyasikia akiwa pale mlangoni, hata la feni, kwa sababu kidirisha kilikuwa wazi na lile feni linajulikana kwa kelele. Alisikia likiwashwa, akajua mdogo wake anakausha kitu kisichotakiwa kukaushwa hivyo, na akasikia likizimwa. Alikuwa amelala pale akiwaza kwamba kama halitazimwa atashuka kitandani mwenyewe. Lilipozimwa ndipo akaona sasa anaweza kulala usingizi wao huo bila wasiwasi.

"Nimekulea vizuri," akasema. "Sijui nilifanyaje, lakini nimekulea vizuri. Asante na kwangu mimi."

Injinia akamwekea dada yake maji karibu, akamfunika miguu ambayo haikuwa na baridi. Muuguzi wa wodi akapita akitangaza kwamba muda umekwisha, ndugu wa wagonjwa watoke. Siku nyingine angetoa kitambulisho, akaeleza yeye ni nani hapo na mlango upi unafunguka kwa ajili yake. Alisimama, akavuta kiti akakirudisha kilipokuwa, akajipanga na ndugu wengine wa wagonjwa kuelekea mlangoni, mmoja kati yao, akiwaaga watu wa vitanda vyote, hata wasiomjua, akiwatakia kila mmoja apone.